Ubao Mmoja, Matangazo Mawili: Kisa cha Orodha ya Wapiga Kura na Kiwanja cha Kona

Kisa hiki ni cha mtaa mmoja katika mamlaka ya mji, Tanzania Bara, miezi ya mwisho ya 2024. Jina la mtaa, kata na halmashauri, namba ya kiwanja na majina ya wahusika yameondolewa, na mandhari yamebadilishwa kidogo ili mtaa usitambulike. Tarehe za kitaifa za uchaguzi zimeachwa zilivyokuwa, kwa sababu bila hizo kisa hakieleweki.

## Usuli

Mtaa huu unaishia kwenye korongo. Ng'ambo ya korongo, bondeni, kuna mtaa mwingine uliozaliwa pale mtaa wa awali ulipoonekana umezidi ukubwa na kugawanywa. Mtaa mpya una ofisi yake, chumba cha kupanga kilichojificha nyuma ya magenge, mwendo wa dakika 20 kutoka korongoni. Ofisi ya zamani iko kando ya lami.

Kwenye karatasi mgawanyo ulikamilika. Kwenye miguu ya watu haukukamilika hata kidogo. Mkazi wa bondeni akitaka barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, au ya kumdhamini ndugu polisi, alivuka kivuko cha miti akaenda ofisi ya zamani, ambako mtendaji anamfahamu tangu siku nyingi. Mtendaji naye hakuona ubaya. Aliandika barua, akagonga muhuri, mtu akaondoka. Mazoea haya madogo ndiyo yaliyokuja kuzaa tatizo kubwa, na ndiyo maana tunayaweka mwanzo.

Upande wa uchaguzi, kura za serikali za mitaa zilipangwa kupigwa tarehe 27 Novemba 2024, chini ya usimamizi wa Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Uandikishaji ulikuwa wa siku kumi, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Mambo mawili yalikuwa na mtego.

La kwanza, orodha ya wapiga kura ya mtaa si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Daftari ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na ndilo linalotoa kadi. Orodha ya mtaa huandikwa upya kwa ajili ya uchaguzi huo tu, na sharti lake kubwa ni ukazi: uwe raia, uwe umetimiza miaka 18, uwe unaishi katika mtaa huo. Mwaka ule Tume ilikuwa imezindua uboreshaji wa Daftari huko Kigoma tarehe 20 Julai na ilikuwa ikihama mkoa hadi mkoa. Redio moja, neno moja "kujiandikisha", mambo mawili tofauti. Aliyekuwa na kadi mkononi alijihesabu amemaliza.

La pili, wenyeviti na wajumbe waliokuwapo walikoma madaraka tarehe 19 Oktoba. Kuanzia siku hiyo hadi viongozi wapya wa mitaa 4,264 ya nchi waapishwe, mtaa ulibaki na Afisa Mtendaji peke yake, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri, si mchaguliwa.

Upande wa ardhi, kulikuwa na kiwanja cha kona, kimepimwa, kina hati, matumizi yake ni makazi. Mwenye hati aliomba kibadilishwe kiwe cha kituo cha mafuta. Kwa kawaida ombi la namna hii huenda kwa halmashauri kama mamlaka ya upangaji, likiwa na nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi na mchoro unaoonyesha kiwanja pamoja na vinavyopakana nacho. Hutolewa tangazo ili mwenye pingamizi aseme, majirani hutoa maoni, Afisa Mipangomiji hukagua, kisha kamati ya halmashauri hujadili kabla jalada halijapanda ngazi za juu. Kituo cha mafuta kina vibali vingine vyake mbali, vya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), vya mazingira kupitia NEMC, vya Zimamoto. Lakini vyote hivyo hujengwa juu ya matumizi ya ardhi. Likishapita la kubadili matumizi, anayepinga baadaye anakuwa anapanda mlima.

## Yaliyotokea, kwa mfuatano

Wiki ya kwanza ya Oktoba, halmashauri ilileta ofisi ya mtaa tangazo la kubadili matumizi. Lilikuwa karatasi moja ya A4, yenye siku 30 za kupokea pingamizi. Nakala nyingine iliandikwa kwa rangi kwenye bati na kusimikwa kiwanjani. Bati lilielekea kichochoro cha pembeni badala ya barabara, kwa sababu upande wa barabara tayari ulikuwa na uzio wa mabati.

Siku chache baadaye yakaja matangazo ya uchaguzi: tangazo lenyewe la uchaguzi, mipaka ya mtaa, vituo vya kuandikisha, na sifa za mpiga kura. Ubao wa ofisi ni plaiwudi yenye wavu wa kuku na kufuli lililokwama, upana wake karatasi nne kwa mbili. Ulishajaa: ratiba ya chanjo, majina ya wanufaika wa TASAF, mdaiwa wa kikoba, mashine ya kusaga inauzwa. Mtendaji alibandua baadhi, na palipobaki finyu akabandika karatasi juu ya karatasi. Tangazo la vituo vya kuandikisha likafunika nusu ya chini ya tangazo la kiwanja. Nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na namba ya kiwanja, kitalu, anuani ya kupeleka pingamizi na tarehe ya mwisho.

Nusu ya juu iliyobaki ikisomeka ilisema "KITUO CHA HUDUMA", maana mwombaji hakuandika "kituo cha mafuta" kwenye kichwa cha tangazo. Chini yake mara moja palikuwa na "VITUO VYA KUANDIKISHA". Waliopita wakatupa jicho walidhani yote ni habari ya kura.

Tangazo la mipaka lilikuwa sahihi kabisa kisheria na halikumsaidia mtu. Liliutaja mpaka wa kusini kwa jina la korongo lililomo kwenye ramani. Wakazi wanaliita korongo hilo kwa jina la mzee aliyekuwa akichimba mchanga pale. Hakuna aliyejua kwamba majina hayo mawili ni ya sehemu moja.

Uandikishaji ukaanza. Watu wa bondeni wakavuka kama kawaida yao, wakaandikishwa kituo cha shule ya msingi, mtaa wa juu. Mwandikishaji, kijana aliyetoka kata nyingine, aliuliza "unaishi hapa?", akajibiwa "ndiyo, hapo chini tu". Wengine walionyesha barua za utambulisho zenye muhuri wa mtaa huohuo. Angekataaje?

Orodha ilipobandikwa kwa ukaguzi, wakala wa chama kimoja alisimama mbele yake nusu siku na daftari la mkononi. Aliwawekea pingamizi watu 43 kwamba si wakazi. Alikuwa na haki. Majina yakafutwa. Wakati huo siku za kuandikisha zilishapita, hivyo hawakuweza kwenda kuandikwa mtaa wao halisi.

Katikati ya hayo, pale kiwanjani lilifika lori la kokoto. Hapo ndipo jirani mmoja alipolizunguka lile bati na kulisoma lote. Barua ya pingamizi ikaandikwa usiku uleule, ikapelekwa ofisi ya mtaa, ikapokelewa na kuwekwa kwenye faili. Ikalala humo siku 11. Siku 30 zikaisha.

## Maamuzi na sababu zake

Mtendaji aliamua kubandika vyote kwenye ubao mmoja. Sababu yake ni ya kawaida: ubao ni mmoja, fungu la kukodi gari la matangazo halipo, na barua ya halmashauri iliagiza "libandikwe", ikamtaka athibitishe kwamba limebandikwa. Alithibitisha. Kwa kipimo alichopewa, kazi ilikwisha.

Mwenyekiti anayemaliza muda aliombwa na majirani wawili aitishe mkutano wa mtaa kabla ya tarehe 19. Alikataa. Alikuwa anagombea tena, akahofia kwamba mkutano wa hadhara siku za uandikishaji ungeitwa kampeni kabla ya wakati. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ila kulikuwa na njia ya kati: mkutano wenye ajenda moja, ukiitishwa kwa barua na Mtendaji akiwa katibu, Afisa Mipangomiji akija kueleza, na wagombea wote wakikaa chini kama wakazi wengine. Njia hiyo haikufikiriwa.

Mwombaji alizungusha fomu ya majirani wanaopakana, wote wanne wakasaini. Sahihi moja ilikuwa ya mpangaji. Mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine na hakuwa na habari.

Waandishi wa pingamizi waliamua kuipeleka barua kwa mtaa kwa sababu ndipo wanapopeleka kila kitu. Kuhusu ardhi iliyopimwa mjini, mtaa hauna uamuzi. Barua ilipaswa kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala ikienda kwa Afisa Mipangomiji, kwa diwani na kwa Mtendaji. Diwani alikuwapo: madiwani hawakuhusika na uchaguzi ule, na ndiye mchaguliwa wa karibu aliyebaki na kiti katika kikao cha halmashauri. Hakuna aliyemwendea hadi muda ulipokwisha. Isitoshe barua ilisainiwa "Sisi wananchi wa mtaa", bila jina hata moja, bila namba ya nyumba, bila kutaja kiwanja. Aliyeiandika aliogopa kuonekana anamfanyia mtu fitina. Masjala haina la kufanya na barua ya namna hiyo.

Halafu kuna uamuzi ambao hadi leo haujulikani nani hasa aliufanya. Kwenye jalada la ombi uliambatanishwa muhtasari wa mkutano wa mtaa "uliokubali" mabadiliko. Ulikuwa na tarehe ya mwisho wa Oktoba, sahihi ya mwenyekiti na muhuri.

## Matokeo

Muhtasari huo ndio ulioliokoa pingamizi. Afisa Mipangomiji, katika kukagua jalada, aliweka tarehe ya mkutano kando ya tarehe 19 Oktoba. Siku iliyoandikwa, mtaa haukuwa na mwenyekiti. Jalada likarudishwa na maelezo ya mstari mmoja, na halmashauri ikaagiza tangazo litolewe upya baada ya viongozi wapya kuapishwa.

Mara ya pili tangazo lilikaa peke yake ubaoni, likasomwa misikitini na kanisani, likapigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Mkutano uliitishwa. Walioandika pingamizi safari hii waliandika kwa majina na namba za viwanja, kila mmoja barua yake, wakaacha maneno ya "hatutaki" na kushika mambo matatu yanayopimika: umbali wa pampu hadi uzio wa shule ya msingi, maji ya mvua yatakayotoka kwenye sakafu ya kituo kuelekea korongoni, na kona yenyewe, ambako lori la mafuta lingelazimika kukata njia mbili ili liingie. Mwenye nyumba aliyesainiwa na mpangaji wake alituma barua ya kuikana ile sahihi. Mwombaji akaliondoa ombi kabla kamati haijakaa. Baadaye aliomba matumizi ya makazi na biashara, akapata. Leo pale kuna fremu sita za maduka, moja inauza gesi ya mitungi.

Wale 43 wa bondeni hawakupiga kura tarehe 27 Novemba. Baadhi walifika wakiwa na kadi za Tume, wakaelezwa mlangoni, wakarudi. Rufani waliyoandika ilikataliwa kwa kuchelewa. Nafasi yao nyingine ya kuchagua mwenyekiti wa mtaa itakuja baada ya miaka mitano.

## Uchambuzi

Tuanze na tofauti kubwa kuliko zote katika kisa hiki. Tangazo la ardhi lililoharibika liliweza kurudiwa. La uchaguzi halikuweza. Ratiba ya uchaguzi ni ya nchi nzima, haimsubiri mtu aliyesoma jina la korongo asilolijua. Kwa hiyo Mtendaji mwenye ubao mmoja na nguvu kidogo alipaswa kuuliza swali hili kwanza: kosa lipi hapa halitarekebishika? Angelijibu, angeipa mipaka na vituo nafasi ya mbele, tena kwa mdomo na si kwa karatasi tu, na angeiandikia halmashauri siku hiyohiyo kuomba tangazo la kiwanja lisogezwe hadi Desemba. Ni barua ya mistari mitatu. Mwombaji angenung'unika kwa wiki nane, basi.

Halmashauri nayo ina lake. Kutoa siku 30 za pingamizi zinazoangukia kipindi ambacho mtaa hauna mwenyekiti wala kamati ni kuwaita watu kwenye mlango uliofungwa. Haikuhitaji nia mbaya: idara ya ardhi ina kalenda yake, idara ya utawala iliyobeba uchaguzi ina yake, na kalenda hizo mbili hazikuwahi kulazwa meza moja. Dawa ni nyepesi. Kila ratiba ya uchaguzi inapotoka, idara ya ardhi ihesabu siku zisizo na viongozi wa mtaa na isizihesabu ndani ya muda wa pingamizi.

Kuhusu mipaka, kosa halikuanza Oktoba. Lilianza siku ya kwanza ofisi ya zamani ilipomwandikia barua mkazi wa mtaa mpya. Kila muhuri ulikuwa ukimwambia mtu yule: wewe ni wa hapa. Tangazo la siku kumi haliwezi kufuta mazoea ya miaka. Ofisi inayotaka mipaka yake ieleweke ianze na barua za utambulisho: mtu wa ng'ambo aelekezwe ofisi yake, hata kama ni mbali na hata kama atakasirika. Na kwenye tangazo jina la ramani liandamane na jina la watu. Hivi ndivyo tangazo la mipaka lilivyosomeka:

"Mpaka wa Kusini: Korongo (jina la ramani) hadi makutano na barabara ya halmashauri."

Na hivi ndivyo lingeweza kuandikwa:

"Ukishuka kutoka lami na kuvuka kivuko cha miti, umetoka mtaa huu. Wanaoishi ng'ambo ya korongo, penye machimbo ya mchanga, wajiandikishe kituo cha mtaa wao, si hapa shuleni. Kadi ya Tume haitoshi. Jina lako liandikwe kwenye orodha ya mtaa kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba. Aliyeandikwa mtaa usio wake atafutwa."

Sentensi ya mwisho ni kali kwa makusudi. Watu hawaogopi "kutokidhi sifa". Wanaelewa "atafutwa".

Mwandikishaji asibebeshwe lawama kupita kiasi, ila kulikuwa na jambo moja ndani ya uwezo wake. Swali "unaishi hapa?" hujibiwa "ndiyo" na kila mtu. Swali "nyumba yako iko upande gani wa korongo, jirani yako ni nani?" linaleta jibu la kweli bila mabishano. Waandikishaji wanaotoka nje ya kata wapewe maswali mawili ya namna hii na mwenyeji wa kuyatafsiri majibu, mtu asiye wa chama. Mwalimu wa shule husika angetosha.

Tangazo la ardhi lilikuwa na kasoro tatu ambazo yeyote anayesimamia ubao anaweza kuzikamata kwa dakika moja. Halikutaja kitu kwa jina lake, na ofisi ingelirudisha hadi liseme "kituo cha mafuta". Lilikuwa na maelezo muhimu chini kabisa, mahali panapofunikwa kwanza. Tarehe ya mwisho na anuani ya pingamizi zikae juu, chini ya kichwa. Na lilichapwa kwa mashine ya wino, hivyo mvua ya vuli ilipolipiga kupitia wavu likageuka ramani ya bluu. Nakala ya fotokopi haichuruziki. Tofauti ni shilingi mia. Bati la kiwanjani nalo liangaliwe na mtu wa halmashauri kwa macho yake, apige picha inayoonyesha barabara ndani ya fremu moja na bati. Picha ya bati peke yake haithibitishi kwamba linaonekana.

Lililofanya kazi ni ukaguzi wa Afisa Mipangomiji, lakini tusiliite mfumo. Angekuwa amechoka siku hiyo, au muhtasari ungeandikwa tarehe 18, jalada lingepita. Kinachoweza kugeuzwa utaratibu ni kuambatanisha na kila muhtasari orodha ya mahudhurio yenye namba za simu, na kupiga simu tatu bila kuchagua. Vilevile sahihi za majirani zihakikiwe kwa hati au kwa risiti ya kodi ya pango, maana mpangaji husaini chochote ilimradi asigombane na mtu mwenye gari.

Kundi la WhatsApp lilisaidia mara ya pili, na wengi wamelisifia hilo tu. Mara ya kwanza lilikuwapo pia, na ndani yake palikuwa na picha ya ubao huo, iliyopigwa siku ya pili ya uandikishaji na mtu aliyetaka kuonyesha vituo. Ukiikuza, juu ya karatasi ya vituo unaona mstari wa "KITUO CHA HUDUMA" na pini iliyoshika karatasi zote mbili. Watu 200 na ushee waliiona. Mmoja alijibu kwa kidole gumba.

Kwa anayepaswa kubandika matangazo ya aina hizi mbili msimu mmoja, kazi ya siku ya kwanza iwe hivi. Bandua kila kilichopitwa na wakati, hata cha kikoba. Gawa ubao kwa chaki au utepe, upande wa kura na upande wa ardhi, na usiruhusu karatasi ivuke. Andika kwenye daftari la matukio saa ya kubandika na ya kila ukaguzi, maana tangazo huchanwa usiku, na siku za pingamizi zikihojiwa daftari hilo ndilo shahidi. Tuma nakala tano mahali watu wanapokaa: kijiwe cha bodaboda, bomba la maji, saluni, msikiti, kanisa. Pingamizi likiletwa kwako nawe si mwenye mamlaka, usilifungie kwenye faili: ligonge muhuri wa kupokelewa, lisindikize kwa Mkurugenzi kwa dispachi kabla ya jioni, na mwambie aliyeleta kwamba umelipeleka na aende mwenyewe kuhakikisha masjala.

Ofisi ya mtaa katika kisa hiki sasa ina mbao mbili. Wa pili ulitengenezwa na fundi seremala wa bondeni, ambaye jina lake lilikuwa miongoni mwa yale 43. Alilipwa, na barua yake ya utambulisho ya kufungulia akaunti ya malipo ilibidi aifuate ofisi ya mtaa wake, dakika 20 kwa miguu.